Kwa nini korona ya jua huchunguzwa wakati wa kupatwa kikamilifu hadi leo?

Mwalimu_Usangu ameuliza:

Salamu zangu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huku Mbarali, mkoani Mbeya. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete, yaani mwezi ulipoliziba katikati na kuacha pete ya nuru, nilikuwa miongoni mwa walimu waliowapeleka wanafunzi Rujewa kulitazama, na hadi leo nakumbuka jinsi vijidoa vya nuru chini ya mwembe vilivyogeuka kuwa vipete vidogo, mamia kwa mamia, juu ya mchanga. Mwezi ulifunika takriban asilimia 95 ya uso wa jua, lakini giza halikuingia. Mchana ulififia tu, kama siku yenye wingu jepesi, wala hakuna aliyeliona lile taji la nuru linaloitwa korona.

Juma lililopita nilikuwa nafundisha kidato cha tatu mada ya nuru, nikawasimulia habari hiyo, kisha nikaongeza kwamba wanasayansi huvuka bahari na majangwa ili walichunguze jua katika dakika chache za kupatwa kikamilifu. Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono na kuuliza maswali mawili. La kwanza: ikiwa mwezi ulikwisha kuziba asilimia 95 pale Rujewa, iweje hizo tano zilizobaki ziharibu kila kitu? La pili: ikiwa kazi yenyewe ni kuliziba jua tu, kwa nini wasikate duara la bati, wakaliziba kila asubuhi kutoka nyumbani kwao?

Swali la kwanza nililijibu kwa sehemu. La pili niliahidi kurudi na jibu, na nisingependa kumpa jibu la kubahatisha. Naomba msaada wenu, hasa wale wanaojua kazi halisi iliyofanywa na watafiti katika matukio haya.


Darubini_Iringa amejibu:

Mwalimu, mpe hongera binti huyo. Swali lake la bati ndilo lililowashughulisha mabingwa wa karne ya 19. William Huggins wa Uingereza alijaribu katika miaka ya 1880 kuipiga picha korona bila kusubiri mwezi, akashindwa.

Nianze na zile asilimia tano. Nuru yote ya korona ukiikusanya ni kama sehemu moja kati ya milioni ya nuru ya uso wa jua, kiasi kinachokaribia mwanga wa mwezi mpevu. Asilimia tano ya uso wa jua, kwa kipimo hichohicho, ni sehemu elfu hamsini kati ya milioni. Kwa hiyo ile pete nyembamba mliyoitazama Rujewa kupitia miwani maalumu ilikuwa na nuru mara elfu hamsini ya korona iliyokuwa ikiizunguka. Korona ilikuwapo, imetanda pale pale, lakini jicho lisingeweza kuitenga. Ndiyo maana kati ya asilimia 99 na 100 kuna tofauti kubwa kuliko kati ya sifuri na 99, jambo ambalo watu wengi huliamini tu baada ya kulishuhudia wenyewe.

Sasa tuje kwenye bati. Mwambie asimame ndani ya kivuli cha ukuta saa sita mchana, jua likiwa limezibwa kabisa na paa, kisha atazame anga la juu ya paa bila kulitafuta jua lenyewe. Ataliona anga linang'aa, na karibu na upande wa jua litakuwa jeupe zaidi kwa sababu ya vumbi na unyevu. Nuru hiyo haitoki kwenye jua moja kwa moja; imetawanywa na hewa iliyo mbele ya macho yake. Duara la bati linazuia miali inayokuja kwenye jicho, lakini haliizuii ile inayoingia hewani kilomita nyingi juu yake na kutawanyika. Korona iko nyuma ya pazia hilo la hewa inayong'aa, nalo pazia kwa kawaida lina nuru nyingi kuliko korona yenyewe.

Mwezi unafanya jambo ambalo bati haliwezi. Uko mbali, kilomita kama 384,000, nje kabisa ya hewa yetu, na kivuli chake kikifika ardhini mara nyingi huwa na upana wa kilomita mia moja hadi mia mbili na zaidi. Mtazamaji aliye katikati ya kivuli hajafunikwa peke yake. Hewa yote iliyo juu ya kichwa chake nayo imo gizani, kwa hiyo hakuna cha kutawanya. Anga hufifia maelfu ya mara, nyota chache na sayari huonekana, na korona hujitokeza yenyewe bila kifaa chochote. Hayo yanawezekana kwa sababu kipenyo cha jua ni takriban mara 400 ya kile cha mwezi, na jua liko mbali nasi takriban mara 400 zaidi, hivyo maumbo haya mawili hulingana machoni petu karibu kabisa. Pale Rujewa mwezi ulikuwa umesogea mbali kidogo katika njia yake, ukaonekana mdogo kuliko jua, na pete ikabaki.

Kuna sababu nyingine ya bati kushindwa. Nuru inapopita kwenye ukingo wa kitu hupinda kidogo na kuingia upande wa kivuli. Duara lililo karibu na lenzi hujizungushia ukingo mwangavu ambao ni adui wa kazi hii. Kadiri duara linavyokuwa mbali na lenzi ndivyo tatizo linavyopungua, na hakuna duara lililo mbali kama mwezi.


Mkemia_Tanga amejibu:

Ndugu Darubini ameeleza vizuri upande wa nuru. Mimi nifanyaye kazi maabara ningependa Mwalimu awape wanafunzi wake upande wa kemia, maana ndiko kulikotoka mambo mazito zaidi.

Kabla ya mwaka 1860 watu walikuwa hawajakubaliana hata kama zile ndimi nyekundu zinazochomoza ukingoni wakati wa kupatwa ni za jua au ni za mwezi. Mwezi Julai mwaka huo, nchini Uhispania, Warren De la Rue na Padre Angelo Secchi walipiga picha kutoka vituo viwili vilivyo mbalimbali. Ndimi zilionekana zilezile katika picha za pande zote mbili, na mwezi ulikuwa ukizifunika na kuzifunua ulivyokuwa ukipita. Hapo ikathibitika kwamba ni za jua.

Wakati huohuo, Wajerumani Kirchhoff na Bunsen walikuwa wameonyesha kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mistari yake ya rangi, ambayo hujitokeza unapoipitisha nuru kwenye spektroskopu, yaani kifaa kinachoitenganisha nuru katika rangi zake. Tarehe 18 Agosti 1868 jua likapatwa kikamilifu nchini India, na Mfaransa Pierre Janssen akaenda Guntur na kifaa hicho. Alipoelekeza spektroskopu kwenye ndimi nyekundu aliona mistari inayong'aa, ishara ya gesi yenye joto kali, na humo akagundua elementi mpya, yaani heli.

Mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti 1869, kivuli kilipita Marekani. Charles Young na William Harkness, kila mmoja kwa nafasi yake, waliona mstari wa kijani katika korona, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 530.3, ambao haukulingana na kitu chochote kilichojulikana maabara. Kwa kuwa heli ilikuwa imeanza kwa njia hiyohiyo, wengi walidhani kwamba hii nayo ni elementi mpya, wakaipa jina la koroniamu. Ilisubiriwa kwa zaidi ya miaka 70. Jedwali la elementi likajaa, nafasi za vitu vyepesi zikaisha, na koroniamu haikupata mahali pa kukaa.

Jibu lilikuja kati ya mwaka 1939 na 1942, kwa kazi ya Mjerumani Walter Grotrian na Mswidi Bengt Edlén. Mstari ule ni wa chuma, chuma hikihiki cha majembe na mabati, ila kimepoteza elektroni 13 kati ya 26 zake. Elektroni nyingi kiasi hicho haziwezi kung'olewa kwa joto la nyuzi elfu chache. Panahitajika joto linalozidi nyuzi milioni moja. Na kwa nini maabara zetu hazikuuona mstari huo? Kwa sababu atomu iliyo katika hali hiyo huchukua muda kabla ya kutoa nuru yake, na katika gesi ya kawaida hugongwa na nyingine kabla haijafanya hivyo. Korona ni hafifu mno, ombwe kuliko maombwe mengi ya maabara, kwa hiyo atomu hupata nafasi ya kumaliza kazi yake kwa utulivu.

Mwalimu, simama hapo unapofundisha. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Korona iliyo juu yake ina zaidi ya milioni. Anayeondoka mekoni hutarajia kuona baridi kadiri anavyosogea mbali, na hapa mambo ni kinyume. Fumbo hilo lilifichuliwa na mstari mmoja wa kijani ulioonekana kwa dakika chache mwaka 1869, na bado linafanyiwa kazi.


Msomaji_Unguja amejibu:

Dada Mkemia, nakushukuru kwa maelezo mazuri, ila naomba nirekebishe jambo moja, kwa kuwa Mwalimu ataliandika ubaoni. Si sahihi kusema kwamba Janssen aligundua elementi mpya pale Guntur. Alichokitambua mara moja ni kwamba mistari ile ilikuwa mikali kiasi cha kuweza kuonekana hata bila kupatwa kwa jua, na kesho yake, jua likiwaka kama kawaida, akaelekeza kifaa chake ukingoni na kuiona tena. Norman Lockyer, akiwa Uingereza na bila kujua habari za India, alifanya vivyo hivyo tarehe 20 Oktoba 1868. Barua zao zilifika katika Chuo cha Sayansi cha Paris siku ileile, na Wafaransa wakatoa medali yenye sura za wote wawili.

Mmoja kati ya mistari hiyo, ule wa manjano, ulidhaniwa kwanza kuwa wa sodiamu. Ni Lockyer, akishirikiana na mkemia Edward Frankland, aliyeona kwamba haukai mahali pa mistari ya sodiamu na akapendekeza kuwa ni wa kitu kipya. Wengi hawakumkubali mpaka mwaka 1895, William Ramsay alipoipata gesi hiyo ndani ya madini ya urani hapa duniani. Yaani kwa miaka 27 elementi ya pili kwa wingi ulimwenguni ilijulikana kwa mstari mmoja tu wa rangi.

Nataja pia, kwa kuwa wengi huchanganya, kwamba kupatwa mashuhuri kwa tarehe 29 Mei 1919 hakukutumika kulichunguza jua lenyewe. Arthur Eddington akiwa kisiwa cha Príncipe, na wenzake wakiwa Sobral nchini Brazil, walipiga picha za nyota zilizoonekana kando ya jua ili wapime kama uzito wake unapinda nuru kwa kiasi alichotabiri Einstein, yaani sekunde 1.75 za nyuzi, ukichukulia kwamba nyuzi moja ina sekunde 3,600. Vipimo vya Sobral vilitoa 1.98 na vya Príncipe 1.61, ilhali hesabu ya Newton ingetoa nusu tu ya ile ya Einstein. Kivuli hichohicho, baada ya kutoka Príncipe, kilivuka Kongo na Ziwa Tanganyika, kikapita kusini mwa nchi yetu na Msumbiji kikiishia Bahari ya Hindi.


Mkemia_Tanga amejibu:

Nakubali masahihisho, na ninashukuru. Mwalimu, tumia maelezo ya Msomaji kuhusu heli, usitumie yangu.


Mzee_Marsabit amejibu:

Wanangu, nimesoma mazungumzo haya kwa furaha kubwa, kwa kuwa niliwahi kusimama ndani ya kivuli hicho. Ilikuwa tarehe 30 Juni 1973, Loiyangalani, kando ya ziwa ambalo wakati ule bado liliitwa Rudolf. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne, na mjomba wangu alikuwa dereva wa lori lililobeba masanduku ya watafiti waliotoka Marekani. Nilimfuata ili nisaidie kupakua.

Jambo lililonishangaza kwanza ni uzito wa ile mizigo na uangalifu wao. Upepo wa Loiyangalani hushuka kutoka Mlima Kulal kwa nguvu ya kuangusha hema, na vumbi lake huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Wale watu walitumia siku nyingi kufunika, kufuta na kurudia zoezi moja: mmoja anahesabu sekunde kwa sauti, mwingine anabadilisha bamba la picha, mwingine anaandika. Walirudia hata usiku. Mimi nilidhani wanacheza mchezo fulani, mpaka mmoja wao aliyejua Kiswahili kidogo akaniambia kwamba siku yenyewe hakuna atakayepata nafasi ya kufikiri.

Alasiri ya siku ile mwanga ulianza kuwa wa ajabu, vivuli vikawa vikali kama vilivyochongwa kwa kisu, mbuzi wakaanza kurudi bomani. Kisha upande wa magharibi, juu ya ziwa, giza likaja kama mvua kubwa isiyo na sauti. Nilipotazama juu, badala ya jua palikuwa na duara jeusi lenye nywele nyeupe zilizonyooka pande zote, ndefu kuliko nilivyotazamia. Nililia. Niliogopa, lakini hasa nililia kwa uzuri wake. Wakati huohuo nilisikia ile sauti ikihesabu sekunde bila kutetereka, na nikaona kwamba baadhi ya watafiti hawakuinua hata vichwa vyao. Walikuwa wamevuka bahari, na kwa dakika zote hizo wakabaki wameinamia mashine.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kamera iliyotumika pale ilikuwa na kichujio kilichobuniwa na Gordon Newkirk wa Colorado, chenye giza zaidi katikati na chepesi pembeni, kwa sababu korona ya karibu na jua ina nuru nyingi sana kuliko ile ya mbali, na filamu ya kawaida isingeweza kuzinasa zote mbili kwa pamoja. Nikafahamu pia kwamba siku ileile, juu ya Sahara, ndege ya Concorde ilikuwa imeruka kutoka Visiwa vya Kanari hadi Chad ikikifuata kivuli kwa kasi mara mbili ya sauti, na wanasayansi waliokuwamo wakakaa gizani kwa dakika 74. Ardhini, hata mahali palipopendelewa zaidi siku ile, hapakuzidi dakika saba na sekunde chache.


Mwalimu_Usangu amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Nitawasomea wanafunzi maneno yako kama yalivyo.

Nimewaeleza jibu la bati, na binti yule hakuridhika. Ameuliza: ikiwa adui ni hewa, si kuna satelaiti zilizo nje ya hewa? Kwa nini mwaka 2024 watu walikusanyika tena Mexico, Marekani na Kanada na vifaa vyao, wakati tayari tuna vyombo angani?


Darubini_Iringa amejibu:

Shikamoo mzee, na ahsante kwa ushuhuda huo.

Mwalimu, hilo ndilo swali ninalolipenda zaidi, na jibu lake halikuwa lilelile katika kila kizazi. Mfaransa Bernard Lyot, kati ya mwaka 1930 na 1931, alipanda kilele cha Pic du Midi, chenye kimo cha mita 2,877, ambako hewa ni safi na chache, akatengeneza darubini yenye duara ndani yake na lenzi iliyosuguliwa kwa uangalifu usio wa kawaida. Akafanikiwa pale alipokwama Huggins. Kifaa hicho kinaitwa koronografu. Lakini hata huko mlimani huonekana tu sehemu ya ndani yenye nuru kali. Miale mirefu ambayo mzee aliiona kwa macho makavu hupotea.

Koronografu ikipelekwa angani huondokana na hewa, ila ile shida ya nuru kupinda ukingoni hubaki, kwa kuwa duara limefungwa kwenye chombo kilekile chenye urefu wa mita moja au mbili. Wahandisi hulazimika kutumia duara kubwa kuliko jua linavyoonekana ili kuizuia. Mfano mzuri ni chombo cha SOHO, kilichorushwa Desemba 1995, ambacho kimetupatia picha za korona kwa miongo mingi na kinawahudumia wanaotabiri dhoruba za jua. Picha zake za koronografu huanza kwenye umbali wa takriban mara mbili ya nusukipenyo cha jua, ukipima kutoka katikati. Kilicho karibu zaidi kimefunikwa. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe: eneo la kati ya uso wa jua na umbali huo ndilo ambamo korona hupata joto lake na upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, huanza kushika kasi. Kwa nuru ya kawaida, eneo hilo lilionekana vizuri, kwa mfululizo kutoka ukingoni hadi mbali, pale tu mwezi ulipokuwa ukituzibia jua.

Shadia Habbal, mzaliwa wa Syria anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Hawaii, ameongoza safari nyingi za namna hii. Kikundi chake hupiga picha za korona kupitia vichujio vinavyopitisha mstari mmoja mmoja tu, kama ule wa kijani wa chuma alioutaja Mkemia na mingine ya chuma kilichopoteza elektroni chache zaidi. Ukizilinganisha picha hizo unapata ramani ya joto: wapi nyuzi milioni moja, wapi karibu milioni mbili, na mipaka yake imekaaje juu ya nyuga za sumaku. Kwa maoni yangu hakuna kazi ya siku hizi inayorithi ile ya 1869 kwa uaminifu kuliko hii.

Yapo na mengine, nitayapitia upesi. Umbo la korona hubadilika na mzunguko wa miaka 11 wa madoa ya jua: madoa yakiwa mengi miale hutoka pande zote, yakiwa machache hunyooka zaidi kwenye ikweta ya jua na kuacha vishungi vyembamba kwenye ncha. Kabla ya tarehe 8 Aprili 2024, kikundi cha Predictive Science cha California kilitangaza mapema umbo litakalotokea, kwa kukokotoa kutokana na vipimo vya sumaku vya uso wa jua, ili tukio lenyewe liwe mtihani wa hesabu zao. Ndege za NASA aina ya WB-57 zilikifuata kivuli na kuongeza muda wa giza hadi zaidi ya dakika sita, wakati ambapo ardhini hakuna aliyepata zaidi ya dakika nne na sekunde 28. Vikundi vya wanafunzi na watu wa kawaida navyo vilipangwa kando ya njia ya kivuli, kimoja kikipokea pale kingine kilipoishia, ili dakika chache za kila kituo ziunganishwe ziwe filamu ya takriban saa nzima.

Binti atasema: basi peleka duara mbali zaidi huko angani. Atakuwa amesema kweli, na jambo hilo limefanyika. Shirika la anga la Ulaya lilirusha Proba-3 kutoka India tarehe 5 Desemba 2024. Ni satelaiti mbili zinazoruka zikiwa zimeachana kama mita 150. Ya mbele ina duara lenye kipenyo cha mita 1.4, na ya nyuma ina darubini inayokaa ndani ya kivuli chake, zikilinganishwa kwa usahihi wa milimita. Picha za kwanza zilitolewa Juni 2025 na zinakaribia sana ukingo wa jua. Wazo lake la bati lilikuwa sahihi. Lilikosa mita 150 na mahali pasipo na hewa.

Hata hivyo simuoni mwezi akistaafu. Kifaa kipya cha kupima spektra, kizito na ambacho hakijajaribiwa, huwezi kukirusha angani kwa gharama ya mamilioni kabla hujajua kama kinafanya kazi. Unakipeleka kwanza kwenye kivuli.


Fundi_Jeddah ameuliza:

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayefanya kazi Jeddah. Nimesikia kwamba tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitapita huku. Je, mtu asiye na darubini anaweza kuchangia chochote cha kisayansi?


Msomaji_Unguja amejibu:

Ndugu, una bahati kubwa. Kivuli cha siku hiyo kitavuka kusini mwa Uhispania, Afrika ya Kaskazini, Misri, kisha Saudi Arabia, ikiwamo Jeddah na Makka, na Yemen, kigusie pembe ya kaskazini-mashariki ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu dakika sita na sekunde 23, na kwenu litakaribia dakika sita. Sisi wa kusini zaidi tutaona, kama tutaona, sehemu tu ya jua ikifunikwa.

Unachoweza kufanya kina historia ndefu. Mwaka 1715 Edmond Halley alichapisha ramani ya njia ya kivuli juu ya Uingereza na kuwaomba wananchi wapime muda wa giza mahali walipo, na majibu yao yakamsaidia kusahihisha mipaka ya njia hiyo. Siku hizi wapo wanaorekodi video karibu na ukingo wa njia ya kivuli, ambako nuru ya mwisho hukatika vipande vipande kama shanga inapopita kwenye mabonde ya mwezi. Kwa kuwa sura ya milima ya mwezi sasa imepimwa vizuri na vyombo vinavyouzunguka, saa sahihi ya kuzimika kwa kila shanga hutumika kukadiria kipenyo cha jua. Kinachotakiwa ni kamera yenye kichujio, saa iliyolinganishwa na satelaiti, na kujua kwa uhakika mahali uliposimama.

Jambo moja usilisahau: miwani maalumu huvuliwa wakati wa giza kamili peke yake. Sekunde ya kwanza nuru inaporudi, ivae tena.


Mwalimu_Usangu amejibu:

Nimeyanakili yote katika daftari la maandalio. Ijumaa kidato cha tatu kitatengeneza spektroskopu kwa boksi la viatu na kipande cha CD ya zamani, tutaielekeza kwenye karatasi nyeupe iliyopigwa na jua, kamwe si kwenye jua lenyewe, na tutajaribu kuitafuta mistari myeusi inayokatiza rangi za nuru ya jua. Baadaye tutaichoma chumvi kwenye mwali wa spiriti ili waione manjano ya sodiamu, kisha nitawaambia ni kwa tofauti ndogo kiasi gani Lockyer aliamua kwamba mstari wake haukuwa huo. Binti amekwisha kuleta boksi.